Maswali ya Wasomaji: Wawili Ndani ya Boti, Mto Rufiji

SWALI: Mwezi Septemba mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumepanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kuona wanyama kwa boti. Fedha inatosha safari moja tu majini. Twende asubuhi au jioni? Mke wangu hajui kuogelea na anawaogopa sana viboko. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hongereni. Septemba ni chaguo zuri. Madimbwi ya porini yamekauka, kwa hiyo tembo na nyati hulazimika kushuka mtoni na kwenye maziwa kama Manze, Tagalala na Nzerakera. Kwa safari moja tu, nendeni jioni, kuanzia saa 9:30 alasiri hadi kabla ya giza, maana ndio muda tembo wanapofuata maji. Kama mapenzi yenu ni ndege, basi ondokeni asubuhi saa 12:30: upepo umetulia, na furukombe, mdiria na keremkerem wako kazini. Keremkerem huchimba mashimo ya viota kwenye kingo za udongo zilizo wima, hivyo mwambieni nahodha mapema apite karibu na kingo hizo.

Kuhusu viboko, hofu ya mke wako ina msingi, ila hatari yao inajulikana inakotoka. Mchana kiboko hukaa majini na kina kirefu ndicho kimbilio lake. Boti ikiingia kati yake na kina hicho, au kati ya mama na mtoto, hushambulia. Kiboko aliye nchi kavu hurudi majini kwa kasi bila kuangalia kilicho mbele, kwa hiyo boti isigandame ukingoni penye njia zao. Nahodha mzuri hupita mbali na kundi, huhesabu vichwa, na akiona vimezama huangalia mapovu na viwimbi kujua wanaelekea wapi. Kiboko anaweza kubaki chini ya maji kwa dakika tano hivi, basi utulivu wa maji usiwadanganye.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea: huomba injini izimwe kila mahali ili wapige picha. Kwa ndege ni sawa kabisa. Boti ianzie upande wa juu wa mto, injini izimwe, mkondo uwashushe taratibu. Karibu na viboko injini iendelee kunguruma polepole, kwa sababu injini iliyozimwa inaweza kugoma kuwaka wakati mnapoihitaji.

Jaketi okozi livaliwe kabla ya kukanyaga boti, na mikanda yote ifungwe. Mke wako ainue mikono, nawe uvute jaketi juu kwenye mabega: likifika masikioni, ni kubwa mno, ombeni jingine. Kaeni mmoja kila upande, katikati ya boti. Tembo akitokea, msisimame wote upande mmoja, maana boti za huko zina kina kifupi na huinama haraka. Mikono ibaki ndani, mamba wapo.

Kukwama ni jambo la kawaida, si ajali. Mafungu ya mchanga ya Rufiji huhama, na tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, kimo cha maji huku chini hutegemea pia yanayoachiliwa bwawani. Nahodha hunyanyua injini ili panga lake la kuzunguka lisile mchanga, kisha husukuma kwa mti mrefu. Ninyi hamieni upande atakaowaambia. Msishuke kusaidia.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8) inafaa kuliko ya 10x50 (inayokuza mara 10), kwani kadiri ukuzaji unavyopanda ndivyo mtikisiko unavyoonekana. Msiegemeze kamera kwenye ukingo wa boti injini ikiwaka. Vaeni kaki au kijani kilichofifia. Bluu na nyeusi huwavuta mbung'o njiani. Botini hakuna choo, nanyi mtakaa humo kwa muda wa karibu saa tatu.

Kabla ya kulipa, ulizeni: bei ni ya kichwa au ya boti nzima? Mafuta na ada za hifadhi zimo? Boti ya pamoja ni nafuu, lakini wawili peke yenu mnaweza kukaa nusu saa mkitazama ndege mmoja, koikoi, bila mtu kunung'unika. Mkiweza, lipieni boti yenu.

SWALI: Tunaweza kukodi mtumbwi wa wavuvi wa kijiji cha Mloka badala ya boti? – Msomaji, Kibiti

JIBU: Hapana. Mtumbwi uko chini mno majini, kiboko huupindua kwa mgongo tu, na kwa kasia hamwezi kumkimbia. Wavuvi wenyewe hupita penye maji mafupi wanayoyajua, tena kwa kutafuta riziki.