Kwa vijana mnaoanza kunakili picha za vitabu hapa Lamu

Juzi nimemwona kijana mwingine ameegemeza simu kwenye gilasi ya chai, ameivuta picha kwa vidole mpaka uso wa Alice, yule msichana wa hadithi ya Nchi ya Ajabu, umebaki viraka viraka, naye anachora tu. Nilipita kimya kwa sababu mteja wake alikuwa amesimama pale. Lakini sasa mmezidi, na mimi si mtu wa kukaa na maneno tumboni.

1. Tafuteni picha yenyewe, si picha ya picha. Buluu ya simu yako si buluu ya simu ya mwenzako. Hati ya Maqamat, visa vya Kiarabu vya al-Hariri, aliyoichora al-Wasiti mwaka 1237, Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imeiweka yote mtandaoni, bure, unaikuza mpaka unaona mikwaruzo. Angalieni lile jahazi lake. Mbao zimeshonwa kwa kamba, ushonaji ule ule wa mtepe wa babu zetu. Sasa mtoto wa Lamu, aliyezaliwa kisiwa kimoja na Matondoni wanakounda majahazi, ananichorea misumari! Tena kaipanga safu kwa usafi wa ajabu. Nilimuuliza kaiona wapi. Akasema kwenye simu haikuonekana vizuri, akajazia.

2. Miraba ya kukuzia picha pigeni kwa penseli laini, msikandamize. Na mkimkuza Tenniel, mchoraji wa kitabu cha Alice, kumbukeni kivuli chake ni mistari. Alichora juu ya vipande vya mbao, ndugu wa Dalziel wakavichonga, kitabu kikatoka 1865. Ukipaka kijivu pale palipokuwa na mistari umemaliza haraka, lakini hiyo si Tenniel tena. Halafu yule Mwenye Kofia ana kikaratasi cha bei kofiani: 10/6, yaani shilingi kumi na peni sita za Uingereza ya zamani. Si tarehe. Kuna mmoja wenu, namstahi simtaji, ameandika 10 Juni akaongeza na mwaka.

3. Kioo kisiguse rangi. Hapa kaeni kitako.

Nilipewa kazi na mwenye nyumba mmoja wa Shela, mgeni mstaarabu, analipa bila kukuzungusha. Alitaka jahazi hilo hilo la al-Wasiti, kubwa, kwa goashi, ile rangi nzito ya kuchanganya na maji, la kutundika ukumbini. Niliifanya vizuri, nasema bila haya. Wale abiria wanaochungulia kwenye vidirisha nilimpa kila mmoja uso wake, kwa brashi ya nywele chache, nikibana pumzi kila nilipofika kwenye jicho. Ikaja siku ya fremu. Mwenye haraka nilikuwa mimi, mteja hata hakuuliza: Maulidi yalikaribia, nikataka hela mkononi. Kadi ya kukatia dirisha, ile ya kutenga picha na kioo, ilikuwa imeniishia. Seremala akaniuliza, "Kioo kilale juu ya karatasi hivi hivi?" Nikamwambia laza. Aliuliza, jamani! Fundi wa milango aliona kuna kitu hakiko sawa, na mimi fundi wa rangi nikamwona ananichelewesha.

Masika ikaingia. Mwenye nyumba yuko kwao, madirisha yamefungwa, kuta za matumbawe zinatoa jasho. Nyinyi mnajua goashi, kama rangi ya maji, inashikwa na gundi ya mgunga, na gundi ile haifi. Ikipata unyevu inaamka. Iliamka ikakamata kioo. Mtunza nyumba akanipigia, picha imeota madoa meupe, njoo. Nilikwenda na kisu chembamba nikijidanganya kwamba ni vumbi. Fremu ilifunguka vizuri. Nikaanza kukinyanyua kioo kutoka pembeni, kikasita, nikakivuta kidogo, kikaja na nyuso. Kwenye karatasi vidirisha vimebaki vitupu, na kwenye kioo abiria wote wameganda, na macho yao. Mtunza nyumba aliangalia karatasi, akaangalia kioo, akasema taratibu, "Wameshuka."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Niliirudia kazi nzima bure, kwa karatasi niliyoinunua kwa hela ya karo ya mtoto, na mwenye nyumba hakunigombeza hata kidogo. Afadhali angenigombeza. Kwa mwezi mzima kila nikipita Shela nilizungukia njia ya nyuma nisionekane.

Basi: kadi nene iliyokatwa dirisha ikae kati ya picha na kioo, siku zote. Nyuma ya fremu gundisheni vipande vidogo vya mbao pembeni ili hewa ipite ukutani. Picha isitundikwe ukuta unaopigwa na mvua. Kadi ikiisha, subiri ifike kutoka Mombasa, na mteja mwambie ukweli kwamba unasubiri kadi. Hakuna aliyewahi kuninyima kazi kwa hilo.

4. Nyekundu ya alizarini inapauka kwa jua letu, nunueni nyekundu ya aina nyingine.

5. Winnie-the-Pooh, yule dubu wa vitabu vya watoto aliyechorwa na Shepard, mwacheni kwanza, bado ana hakimiliki. Shepard alifariki 1976. Sheria yetu ya hakimiliki inahesabu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki msanii, kwa hiyo hapa Kenya ni hadi mwisho wa 2026. Uingereza wanahesabu 70, na mteja wako ndiko anakoipeleka. Wachoraji wengine wa vitabu: Doré alifariki 1883, Tenniel 1914, Dulac wa Sindbad 1953: hao chukueni. Nyuma ya kila picha andika NAKALA na jina lako, kwa wino usiofutika. Kuna mtu atakwambia usiandike ili apate kuiuza kama ya zamani. Mrudishie malipo yake ya awali.

Na malipo ya awali yawe nusu, si "nitakuona".

6. Gauni la Alice. Mnabishana kila siku kama ni buluu. Michoro ya 1865 haikuwa na rangi kabisa. Mwaka 1890 kilipotoka kitabu cha watoto wadogo, picha za Tenniel zikiwa zimepakwa rangi, gauni lilikuwa la manjano na utepe wa buluu. Mteja akitaka buluu mpe buluu, bei ni ile ile, msianze kumfundisha mtu mzima. Ila ukimtajia ile ya manjano huku unamfungia mzigo wake, mara nyingi anaagiza na ya pili.