Unasoma Jografia Mtwara? Anza na shamba la chumvi

Kwenye mtihani wa moko (wa majaribio) wa kidato cha sita, mwanzoni mwa 2014, nilijibu swali la uchimbaji madini kwa kurasa tatu na nusu. Niliandika dhahabu ya Witwatersrand, nikaandika almasi ya Kimberley, zote za Afrika Kusini, nikamalizia na shaba ya Zambia. Majina yote hayo niliyatoa kwenye desa, yale majibu mafupi ya kukariri, lililokuwa limezunguka bweni zima mpaka karatasi zikalainika kama kitambaa. Nilipata sita kati ya ishirini. Pembeni mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Kwenu hakuna madini?"

Niliona ananionea. Kwetu ni Mtwara, na mwaka uliotangulia mji wote ulikuwa umechafuka kwa ghasia za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Ndipo nikaelewa alichokuwa ananiuliza. Habari nilikuwa nayo kichwani, tena niliiona kwa macho, lakini sikuandika hata mstari mmoja kwa sababu haikuwamo kwenye desa.

Siku hizi nafundisha twisheni jioni, barazani kwetu, watoto wa HGE, HGL na EGM (michepuo ya kidato cha tano na sita yenye Jografia ndani), na kila mwaka nakuta kosa langu limerudi na sura nyingine. Mtihani ni wa Kiingereza, hilo halina ubishi, na maneno ya kitaalamu lazima uyajue. Ila mtu akielewa kitu kwa Kiswahili, kwenye jambo analoliona, lile neno la Kiingereza linapata pa kukaa. Akilikariri peke yake, linadondoka mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tenga Jumamosi moja uende kwenye mashamba ya chumvi. Mtwara yapo, Lindi yapo, Kilwa yapo. Wengi hawajui kwamba chumvi nayo huhesabiwa kuwa madini, na mwenye shamba anatakiwa awe na leseni ya madini kama mchimba dhahabu.

Nenda kiangazi, kuanzia Julai hivi. Utakuta maji ya bahari yanaingizwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita siku nyingine, kisha yanafungiwa kwenye bwawa la kwanza. Yanakaa, yanapungua, yanahamishiwa la pili, halafu la tatu. Kila yanapohama yanazidi kuwa mazito. Chovya kidole kwenye bwawa la mwisho, kiache kikauke: kinabaki cheupe, na kama una mchubuko utaruka. Mzee mmoja aliyenitembeza miguu yake ilikuwa imepasuka visigino kama udongo wa mbuga. Alikuwa anakokota chumvi kwa reki ya mbao, taratibu, ili asikwangue tope la chini, maana chumvi yenye tope bei yake inashuka. Nikamuuliza anaogopa nini zaidi. Hakusema soko. Alisema, "Mvua ya kupotea." Mvua moja ya usiku mwezi wa Oktoba inayeyusha kazi ya wiki nzima.

Hapo umeshapata jibu la uhusiano wa tabianchi na uchimbaji: jua, upepo mkavu wa kusi, msimu mrefu usio na mvua, kujaa na kupwa kwa bahari. Geuka nyuma utazame mikoko iliyokatwa ili mabwawa yachimbwe, umepata na sehemu ya mazingira: ufuko unaliwa na mawimbi, samaki na kaa wanakosa pa kukulia. Hakuna mtu atakayeyakuta hayo kwenye desa lake.

Baada ya chumvi, njoo kwenye gesi. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, 1982. Zilikaa ardhini miaka mingi. Songo Songo ilianza kuzalisha 2004, Mnazi Bay 2006. Bomba kubwa lililokamilika 2015 linachukua gesi iliyosafishwa Madimba, Mtwara, na kuipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Tarehe hizi zijue, lakini zisiwe mwisho wa jibu. Swali lenye nyama ni hili: kwa nini Johannesburg ikawa jiji na Mtwara haikuwa?

Mimi naona jibu liko kwenye mikono. Dhahabu ya Witwatersrand, ilipo Johannesburg, iliyoanza kuchimbwa 1886, ilikuwa imetawanyika kidogo kidogo ndani ya mwamba mgumu unaozama chini sana. Kuitoa kulitaka maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao wakitoka Msumbiji, nchi iliyo ng'ambo ya Ruvuma. Watu hao walihitaji chakula, malazi, reli na maduka, na jiji likaota. Gesi inapanda yenyewe kwa mgandamizo. Kisima kikishachimbwa, wanaotakiwa ni mafundi wachache wenye ujuzi mkubwa. Faida yake inaonekana kwenye umeme wa nchi nzima, wakati kijana wa Msimbati, kijiji cha Mnazi Bay, anaweza kuishi jirani na kisima na asiajiriwe hata siku moja. Ukiandika hivyo umelinganisha, na kulinganisha ndiko kunakotafutwa kidato cha sita. Kuorodhesha faida tano na hasara tano ukuache kidato cha nne. Ukitaka mfano wa tatu una kinywe cha Ruangwa, madini yanayokwenda kwenye betri, ambayo huchimbwa kwa shimo la wazi. Vumbi, mashamba, fidia: hapo maswali yanabadilika tena.

Matatizo ya miji ndiko wanafunzi wangu wanakochemka kuliko kote. Kila mtu ananiandikia msongamano wa magari. Mtwara! Foleni ya Mtwara iko wapi?

Shida ya Mtwara karibu ni kinyume cha ile ya Dar. Mji huu ulipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Walianza 1947 kule Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaachana nao 1951 baada ya kupoteza karibu pauni milioni 36. Hawakuwa na kumbukumbu za kutosha za mvua, na udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji. Huku kwetu tulibaki na bandari yenye kina kirefu, reli ya kwenda Nachingwea ambayo ilikuja kung'olewa, na mji uliochorwa kwa ajili ya watu ambao hawakuja. Ndiyo maana barabara ni pana na kati ya mtaa na mtaa kuna mapengo. Unadhani pengo ni raha? Kila pengo ni bomba la maji refu zaidi, nguzo za umeme nyingi zaidi, nauli ya bajaji kubwa zaidi. Na hapo hapo utakuwa umeona tabianchi, iliyozishinda karanga, ilivyouchora mji wenyewe. Kilimo, tabianchi na miji, mada tatu ambazo desa limezitenga kwa kurasa, ni hadithi moja.

Mwaka ule wa bomba, baba mdogo alikuwa amepanga vyumba viwili karibu na katikati ya mji. Mwenye nyumba akaja na habari kwamba wageni wa gesi wanakuja, kodi inapanda mara mbili, anayeweza abaki. Baba mdogo akahamia pembeni, kuelekea Mangamba, kwenye nyumba isiyo na maji, akawa anaamka saa kumi alfajiri kuwahi kibarua. Wageni aliowangoja yule mwenye nyumba walikuja wachache, wakaondoka mapema. Yapo mapagale ya enzi hizo yamebaki na nondo zimechomoza, popo ndani. Kitabu kinasema kodi hupanda kwa sababu watu wameongezeka. Kwetu ilipandishwa na tetesi. Andika hivyo, eleza utaratibu wake, taja mwaka.

Kwenye tabianchi sitakaa sana, isipokuwa kwa jambo moja linalowasumbua wote: kwa nini Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, wakati Dar wana vuli na masika? Ukanda wa mvua hulifuata jua la utosi kwa kuchelewa. Ikweta, ambayo Dar iko karibu nayo kuliko sisi, hupata jua la utosi Machi na Septemba, miezi sita katikati, basi mvua zinaachana. Sisi tuko nyuzi 10 kusini: jua linatupita karibu na tarehe 20 Oktoba likienda Tropiki ya Kaprikoni, linarudi Februari. Mapito yamekaribiana, mvua zinaungana, Desemba mpaka Aprili. Na ule ukavu wa katikati ya mwaka ndio mkorosho unaoutegemea kutoa maua. Unyevu ukizidi wakati huo, ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho, unaingia, na mkulima anakimbizana na salfa.

Vimbunga viandike kwa akili. Kenneth wa Aprili 2019 ulipiga Cabo Delgado, sisi tukakimbia madarasa na kuambulia hofu. Hidaya wa Mei 2024 ulikuja Mafia na Kilwa, na maafa makubwa yakawa barabara: mvua ilikata ya Lindi kwenda Dar, watu wakabaki kuzunguka Tunduru na Songea, na bidhaa zinazotoka Dar zikakwama njiani. Mkoa wenye njia kuu moja unaumizwa na daraja moja. Sentensi kama hiyo inazidi nusu ukurasa wa "vimbunga huleta uharibifu wa mali".

Kuhusu uandishi: mfano mmoja wa nyumbani uliofafanuliwa, mmoja wa nje wa kulinganisha, na kiramani kidogo chenye bahari, mto na mshale wa kaskazini. Usipake rangi, unapoteza muda.

Februari iliyopita nilimpa binti mmoja wa kidato cha sita kazi ya kusimika fimbo uwanjani kwao aone kivuli kikitoweka. Akanipigia analalamika: "Mwalimu, kivuli kipo." Nikamuuliza alitazama saa ngapi. Saa sita kamili, anasema. Nikamkumbusha kwamba saa za Tanzania zinafuata longitudo 45, na sisi tuko 40, kwa hiyo jua letu linachelewa dakika ishirini, na mwezi wa Februari linachelewa nyingine kama kumi na nne juu yake. Kimya kidogo. Kesho yake saa sita na nusu na dakika zake akanitumia picha: fimbo imesimama, chini yake mchanga mtupu, na ndala zake mbili pembeni.