Vidole vinakufa ganzi kwenye pikipiki: nifunge vishikio vya umeme?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naendesha pikipiki ya 125 kila alfajiri, kama dakika 40 barabara kuu, na msimu huu wa baridi nateseka kweli. Navaa sweta mbili, koti zito la kitambaa na glavu nene za sufu, lakini nikifika nusu ya njia vidole vimekufa ganzi, hata liva ya klachi siisikii. Nimeona vishikio vya umeme vya kufunga kwenye usukani, vinavyopasha viganja joto. Je, pikipiki ndogo kama yangu itavimudu bila kuua betri? Halafu wenzangu wananiambia nipige kidogo kitu kikali kabla ya kutoka, eti kinapasha mwili. Unasemaje?

JIBU: Njema, ndugu yangu. La umeme nitalijibu, tena kwa kina. Lakini tuanze na hizo nguo, kwa sababu ukifunga vishikio leo na ukaendelea kuvaa hivyo hivyo, viganja vitapata moto na migongo ya vidole itabaki barafu.

Adui yako mkubwa ni upepo. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa vuguvugu juu ya ngozi, na upepo hulipeperusha kabla halijakusaidia. Kwa kanuni wanayotumia watabiri wa hali ya hewa wa Kanada na Marekani tangu 2001, ukiikata hewa ya nyuzi 5 kwa kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 3 chini ya sifuri. Hata nyuzi 10, ambazo ukiwa umesimama unaziona za kawaida, kwa mwendo huo zinakuwa kama 4. Na usitegemee sana kupunguza mwendo: ukishuka kutoka 80 hadi 60 unaokoa kama nyuzi 1 tu. Lazima upepo wenyewe uzuiwe.

Sasa vidole. Kifua na tumbo vikianza kupoa, mwili hukaza mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu ili damu ya moto ibaki ndani kulinda moyo na viungo vingine vya katikati. Vidole ndivyo vinavyotolewa kafara. Ndiyo maana mtu anabadilisha glavu kila msimu na shida iko palepale: hajagusa kifua. Na sweta zako, hata uvae tatu, upepo unapita kwenye matundu yake, kisha unapita kwenye koti la kitambaa vilevile.

Ndani kabisa vaa kitu chembamba kinachokaa karibu na ngozi, cha sufu laini au poliesta. Pamba iache nyumbani. Inakunywa jasho na kukaa nalo, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Juu yake sweta moja iliyolegea kidogo, maana kazi yake ni kushika hewa, na ukiibana chini ya nguo nyingine hewa hiyo inatoka. Juu ya yote, kitu kisichopenya upepo: koti la ngozi, au koti la mvua la kawaida ulivae juu ya hilo ulilonalo. Barabarani, koti jepesi la mvua juu ya sweta moja litakupa joto kuliko sweta mbili na koti linalopitisha upepo. Ukikutwa na baridi njiani huna koti hilo, gazeti lililokunjuliwa kifuani chini ya jaketi ni msaada wa kweli. Waendesha baiskeli wa Tour de France walikuwa wakipokea magazeti kileleni na kuyaingiza kifuani kabla ya kuteremka mlima.

Kisha, kabla ya safari ya kesho, panda pikipiki ikiwa imesimama, shika usukani kama unavyoendesha, na uangalie vifundo vya mikono yako. Ukinyoosha mikono, koti hurudi nyuma, glavu inabaki ilipo, na katikati inabaki ngozi tupu ya upana wa vidole viwili. Hapo ndipo mishipa inayopeleka damu vidoleni inapita karibu kabisa na ngozi. Damu ikipoozwa hapo, inafika vidoleni ikiwa baridi tayari, hata glavu iwe nene namna gani. Tafuta glavu zenye shingo ndefu zifunike mwisho wa koti, zenye ngozi au kitambaa cha kuzuia upepo kwa nje. Zisikubane: ukizivaa na kukunja ngumi, ncha za vidole zikasukuma mwisho wa glavu, hizo ni ndogo, zitakukatia damu. Soksi mbili ndani ya buti linalobana zina kosa hilo hilo. Shingoni vaa kitambaa cha mviringo kisicho na ncha, si skafu ndefu inayoweza kuingia kwenye mnyororo.

Kama utanunua kitu kimoja tu mwezi huu, nunua mifuko ya usukani, ile mikubwa unayoingiza mikono pamoja na liva zote ndani. Haina uzuri wowote lakini inafanya kazi kuliko glavu yoyote niijuayo, na haigusi betri. Ukishaifunga, hakikisha kitambaa chake hakisukumi liva ya breki upepo ukikipiga. Angalia pia kama taa ya breki haiwaki yenyewe.

Tuje kwenye umeme. Pikipiki nyingi za 125 huzalisha kati ya wati 100 na 200 injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, na kidogo sana inaponguruma tu bila mwendo. Toa taa ya mbele, ambayo mara nyingi ni wati 35, toa taa ya nyuma, toa mfumo wa kuwasha cheche, na kama ni ya injekta toa pampu ya mafuta. Vishikio vyenyewe hula wati 30 hadi 50, yaani ampea 3 hadi 4 hivi. Kwa hiyo vinaweza kutosha, lakini kwa kubanana. Tena kuna pikipiki ndogo ambazo taa ya mbele inachukua umeme moja kwa moja kwenye koili (nyaya zinazozalisha umeme ndani ya injini), na upande unaochaji betri unapata sehemu ndogo tu ya umeme huo.

Usikisie, pima. Weka multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye betri, washa injini, taa na vishikio, pandisha mizunguko ifike ile unayotumia barabarani. Ukisoma volti 13.5 au zaidi, endelea. Ukisoma chini ya 13, betri inaliwa, na utakuja kujua siku starta itakapokataa. Ukiwa kwenye foleni vizime.

Wakati wa kufunga, chukua umeme kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu na chanya, na uweke relei, yaani swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme, inayoamriwa na swichi ya ufunguo ili kila kitu kizimike ukichomoa ufunguo. Waya wa kishikio cha kulia, upande wa akseleta, uachie nafasi. Zungusha akseleta hadi mwisho ukiwa umekata usukani kushoto, kisha kulia, na kila mara irudi yenyewe kwa haraka. Isiporudi, usiondoke. Kishikio cha kushoto kitakuwa na joto dogo zaidi kwa sababu kimekaa juu ya chuma kinachonyonya joto, wakati cha kulia kina bomba la plastiki chini yake. Zungushia chuma hicho tepu inayohimili joto kabla ya kukivalisha kishikio.

Kuhusu kitu kikali, wakatalie wenzako. Mbali na hatari ya kuendesha umelewa, pombe hupanua mishipa ya ngozi, unahisi moto wakati joto la ndani ndilo linalotoka. Kwa kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Kidole kilichokufa ganzi kikichelewa sekunde moja kufika kwenye breki, umeshazipita. Ukianza kutetemeka, simama mahali penye kinga ya upepo, unywe kitu cha moto. Ukiona kutetemeka kumekoma huku bado una baridi, au ulimi unakuwa mzito, safari imeisha kwa siku hiyo, omba msaada. Na usijipashe kando ya injini inayonguruma ndani ya chumba kilichofungwa: moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua.