Kabla hujasaini mkopo wa chuo Marekani, piga simu moja kwanza

Nilipofika Columbus, Ohio, nilikuwa nabeba boksi usiku, mchana nalala huku simu inaita. Mpigaji alikuwa dada wa udahili wa chuo kimoja cha binafsi cha kazi za kliniki. Mara nne, tano kwa siku. Nikaona huyu kweli ananijali. Siku niliyokwenda akanikalisha mbele ya kompyuta, akawa ananionyesha kwa kidole: saini hapa, na hapa, na hapa. Hata saa nzima haikuisha, nimeshakuwa mwanafunzi na mdaiwa.

Nilipomaliza nikaenda komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha eneo letu, nikitaka kuendelea na uuguzi. Mshauri akasoma matokeo yangu, akanirudishia karatasi taratibu. Hawakupokea hata krediti moja, yaani hakuna somo nililomaliza walilolitambua. Nililia kwenye basi.

Baadaye nikaanza kusoma jinsi biashara hii inavyoendeshwa. Tazama Corinthian Colleges, kampuni ya vyuo vya binafsi iliyoanzishwa California mwaka 1995. Ilinunua chuo baada ya chuo, ikaingia soko la hisa mwaka 1999, ikafikisha kampasi zaidi ya 100 kwa majina kama Everest, Heald na WyoTech. Fedha zake nyingi zilitoka kwenye mikopo na ruzuku za serikali kuu, kwa hiyo kila aliyesaini alikuwa mapato, apate kazi asipate. Aprili 2015 ikatozwa faini ya karibu dola milioni 30 kwa kupotosha takwimu za wahitimu wa Heald waliopata ajira, na mwezi huohuo ikafunga kampasi zote zilizobaki. Madeni ya watu 560,000, dola bilioni 5.8, yalikuja kutangazwa kufutwa mwaka 2022. Miaka saba!

Ndugu yangu, kabla hujasaini, pigia komyuniti koleji ya karibu uwaulize: nikisoma chuo fulani, mtapokea krediti zangu? Wakisema hapana, usisaini.

Halafu mwambie mtu wa udahili akuandikie kipi ni Pell, ruzuku ya serikali kuu ambayo kwa kawaida hairudishwi, na kipi ni mkopo. Mimi niliambiwa "msaada wa fedha", na kwa Kiswahili changu msaada haulipwi. Kumbe humo ndani mkopo nao unaitwa msaada. Akisema nafasi zinaisha Ijumaa, nyanyuka uondoke.

Na kama unataka kuanza na CNA, yaani kazi ya msaidizi wa muuguzi, ulizia kwanza kwenye nyumba za wazee. Nyingi hugharamia mafunzo ya watu zinaowaajiri.