Madam Mim Nilimwelewa Mikononi mwa Bibi Harusi

Msomaji mmoja wa Pangani kaniandikia: "Dada, mwenzangu kafungua kibanda cha hina mlango wa pili kutoka kwangu, nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Amegusa kidonda.

Nianze na katuni, msinicheke. Mtoto wa dada yangu anairudia kila siku The Sword in the Stone, ile ya Walt Disney ya 1963, mpaka nyumba nzima hapa Ngamiani tumeihifadhi. Mle wachawi wawili, Merlin na Madam Mim, wanapambana kwa kujigeuza wanyama. Watu humwona Mim kichekesho tu. Mimi nasema kwa ufundi hapungui kitu. Mamba, mbweha, tembo, kifaru, anageuka hata hujapepesa macho. Merlin yeye kobe, sungura, kiwavi, panya. Ingekuwa ukumbini, Mim ndiye angetunzwa.

Tabia ndiyo iliyomponza. Masharti kayataja mwenyewe: wanyama tu, hakuna kutoweka, hakuna majoka ya rangi ya waridi. Pambano halijaanza, katoweka. Mwishoni akageuka joka la zambarau, eti alikataza ya waridi tu! Na kabla ya hapo tulimkuta anacheza karata peke yake, na bado anaiba. Mtu anayejiibia mwenyewe atamhurumia jirani?

Merlin naye si malaika. Ana hasira za kizee. Alimkasirikia Arthur, kijana anayemfundisha, akaruka mpaka Bermuda akamwacha. Ila vitani anamsoma mwenzake: tembo akijitapa, yeye panya. Joka lilipomshika, akawa kijidudu cha maradhi kisichoonekana, Mim akatoka madoa na kulazwa kitandani.

Sasa mimi. Mwenzangu alipofika mtaani, akichora mpaka kwenye kiwiko, mimi nachora mpaka begani. Akishusha bei, nashusha. Nikawaambia wateja hina yake imechakachuliwa. Kumbe mchakachuaji ni nani? Hina safi hutoka na rangi ya machungwa, hukolea siku mbili hivi, na haiwi nyeusi ng'o. Mimi nilitaka weusi wa papo hapo, nikazidisha unga wa rangi ya nywele kwenye piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Mkesha wa harusi, mikono ya bibi harusi ikavimba, ikatoka malengelenge.

Mama yake hakunitukana. Alinitazama tu, akampigia simu mwenzangu. Yule akaja na glovu za lesi za kufunika mikono, akamchora miguu kwa hina ya kawaida, akakesha naye. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikoni changu cha piko mkononi.

Miezi iliyofuata tuiache, wateja wenyewe mnajua walikokwenda.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Pangani, usishindane kwa ukubwa. Tazama mwenzako hafanyi nini, ufanye hicho. Mimi sasa nachora kiganja na vidole tu, maua madogo, hina naikanda mwenyewe kwa ndimu na naiacha ilale. Na fitina acheni, jamani! Mnakesha kwenye magrupu ya WhatsApp mkichafuana, mteja anasoma, anawaogopa wote wawili. Piko la unga wa nywele, weka mbali. Nimesema, narudia: weka mbali. Ngozi ya mtu si ukuta. Mnataka kuitwa mafundi na uaminifu hamna, mtaitwa mafundi wa nini?

Mwezi huu mwenzangu alizidiwa na kazi, akanipa bibi harusi mmoja wa Chumbageni. Nilimchora vizuri kweli, sioni haya kujisifu. Hata mashangazi wa upande wa mume waliomba namba yangu. Jioni nikampelekea mwenzangu chochote katika malipo yale, kama ada yake. Akakataa, akacheka, akanimiminia kahawa. Nilikunywa. Lakini kule kukataa kwake bado kunanichoma.