PSP inasahau kila ikizimwa

SWALI: Fundi, nimeweka 6.61 PRO-C (programu endeshi isiyo rasmi) kwenye PSP-3000 yangu, ile mashine ya michezo ya mkononi ya Sony, ikakubali vizuri. Asubuhi nimeiwasha, emuleta zote (programu za kuchezea michezo ya mashine nyingine) zinaandikwa "data imeharibika". Kadi imekufa?

JIBU: Kadi yako nzima. Kwenye 3000, PRO-C hufanya kazi kwenye RAM tu, yaani kumbukumbu ya muda. Ukishikilia swichi sekunde kadhaa hadi taa ya kijani izime, inafutika. Ingia Game, halafu Memory Stick, endesha Fast Recovery (programu ya kuiwasha tena PRO-C), zitarudi. Ukimaliza kucheza sukuma swichi kidogo uiachie: mashine inalala, haisahau. Betri ikikauka kabisa, unarudia. CIPL Flasher, programu ya kuifanya PRO-C ibaki hata ukizima, usiiguse, hata mtu akikushawishi vipi. Hiyo ni ya 1000 na 2000 za mwanzo, kwenye 3000 yaweza kukuachia kipande cha plastiki kisichowaka.