Siku mbili za ziada Lourdes

Dada, umeuliza pa kwenda na kurudi siku hiyohiyo kutoka Lourdes, ule mji wa hija kusini mwa Ufaransa, ukiwa na mama anayesumbuliwa na magoti. Mimi ningeanza na kijiji cha Gavarnie. Ni kama kilomita 50 kusini, barabara inapanda kufuata bonde, na mkishuka tu kijijini mnauona ukuta wa mlima umejikunja nusu duara, maporomoko ya zaidi ya mita 400 yakining'inia kama uzi mweupe. Kuyafikia ni zaidi ya saa nzima kwa miguu, na njia ina kokoto. Mama anaweza kubaki kijijini na bado akafaidi. Bebeni masweta hata kama ni Julai.

Au mwende kilele cha Pic du Midi (mita 2,877), mnapandishwa kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya kutoka kijiji cha La Mongie. Mwenye matatizo ya moyo amuulize daktari kwanza. Na kukiwa na ukungu msitoe hela, mtaona weupe mtupu.

Siku ya pili iwe nyepesi: kijiji cha Bartrès, kilomita chache tu, alikochunga kondoo msichana Bernadette kabla ya kutokewa na Bikira Maria pale Lourdes mwaka 1858. Ule utulivu ulinigusa kuliko maduka ya rozari mjini, Mungu anisamehe.

Ila msichelewe kurudi. Msimu wa hija, maandamano ya mishumaa huanza saa tatu usiku, na mama atataka kukaa mbele.